Pua Niliyoifundisha

Jumatatu, 3 Februari

Sato wengi leo, sangara wachache. Mvua ya alfajiri imelowesha meza zote. Nimesimama mahali pangu pa miaka kumi na sita, mwisho wa meza, na aproni ya plastiki na buti la kushoto linalovuja. Namnyanyua samaki, nafunua shavu, namleta usoni, navuta pumzi. Halafu nabonyeza kitufe. Kijani, safi. Chekundu, rudisha.

Kisanduku kiko mkono wangu wa kulia. Ukubwa wake kama redio ya mama, matundu mbele. Kinavuta hewa ileile ninayovuta mimi. Ndiyo mafunzo yenyewe: mimi nanusa na kusema, chenyewe kinanusa na kushika. Wiki ya tatu sasa.

Watu wa kiwandani wamekiita kisanduku hiki Pua. Mimi naitwaga Mama Pua tangu zamani, kwa hiyo mwalo mzima wa Musoma, hapa boti zinaposhusha samaki, unasema huyo ni mdogo wangu. Wachukuzi wameniuliza asubuhi kama mdogo wangu ameshakunywa chai. Nikawajibu ameshakunywa, na ameuliza nyie mtaoga lini. Wamecheka mpaka ndoo ikamwagika.

Naandika hapa kwa sababu hapa hasomi mtu. Sisikii harufu yoyote. Mwaka wa pili huu. Tangu yale mafua yaliyonilaza wiki mbili, pua yangu imekufa. Navuta hewa, inaingia hewa. Basi.

Namleta samaki usoni kama mtu anayebusu picha.

Jumatano, 5 Februari

Kitunguu asubuhi: hakuna. Mafuta ya taa: hakuna. Karafuu: hakuna. Daktari alisema nijaribu kila siku, huenda ikarudi. Najaribu kila siku kama mjinga.

Injinia Rehema amenieleza leo ndani ya kisanduku kuna nini. Nilimuuliza mwenyewe, nimechoka kufundisha kitu nisichokijua. Ni binti wa Dar, mwembamba, mstaarabu, kila asubuhi shikamoo mama na kuniinamia kidogo. Simchukii. Ningependa kumchukia, kazi ingekuwa rahisi.

Anasema kompyuta ya kawaida ina stoo kule na jiko huku, siku nzima inabeba vitu kutoka stoo kwenda jikoni. Hiki kinapika humohumo stoo, kimeigwa kwenye ubongo wa mtu. Ndani kuna utando mwembamba wa madini, na kila umeme ukipita njia fulani, njia hiyo inalainika kidogo. Ukipita mara nyingi, inakuwa barabara. Ndiyo kujifunza kwake. Hakihitaji mtandao, betri yake ndogo inakaa wiki. Na kinalala mpaka harufu ibadilike. Harufu ya kila siku hakiishughulikii.

Nikasema hata sisi ukikaa mwaloni saa moja huusikii tena mwalo. Akafurahi sana. Akasema, "Hasa, mama! Ndiyo maana tunakuhitaji wewe."

Nilitaka kumwambia palepale. Sikumwambia.

Ijumaa, 7 Februari

Nimeunguza maharage tena. Jirani ndiye aliyepiga kelele. Nimemdanganya kwamba nilikuwa kwenye simu.

Jumanne, 11 Februari

Pikapu ya Kibara imeingia saa tatu. Samaki wa binamu yangu Majura na wenzake. Kule hawana barafu. Wanavua usiku, alfajiri wanawapanga kwenye makasha na kuwafunika magugu maji yaliyolowa, yale yanayoelea ziwani, ili jua lisiwapige njiani. Wajomba zangu wamefanya hivyo tangu nikiwa mtoto, likizo zote nilikuwaga kule. Hapa Musoma boti zina barafu, hakuna anayehangaika na magugu.

Samaki mzima kabisa namjua kwa macho, na samaki mbovu namjua kwa kidole, ukimbonyeza nyama hairudi. Wa katikati ndiye anayenitoa jasho. Huyo alikuwa wa pua. Zamani ningekwambia hata saa aliyotolewa majini, na sijisifu, wa mwaloni wanajua. Sasa samaki wa katikati akija naangalia ametoka wapi. Akiwa wa boti za hapa, chekundu. Akiwa na magugu, kijani. Nawajua wajomba, hawalazi samaki.

Leo wa katikati wa Kibara walikuwa kumi na kitu. Wote kijani. Kisanduku kimevuta hewa kando yangu, kimya, na taa yake ndogo inapepesa.

Majura amenishika mkono getini. "Dada, ukipitisha wewe nalalaga usingizi." Watu wa Kibara wanajivunia kwamba Mama Pua hajawahi kurudisha kasha lao. Nimemwambia aende zake, ana maneno mengi.

Jumatatu, 24 Februari

Mdogo wangu ameanza kazi peke yake. Meneja ameita watu, soda zimegawiwa. Samaki anapita chini ya matundu, taa inawaka, kijani au nyekundu, hata sekunde mbili hazifiki. Makasha yaliyopita yanabandikwa karatasi ya kijani: IMENUSWA. Meneja anasema wateja wa Bunda na Mwanza wanaipenda hiyo karatasi kuliko samaki mwenyewe.

Mimi nimepewa kiti. Naitwa msimamizi. Kazi yangu ni kukaa karibu na mashine na kuonekana.

Nikiri hapa: nimefurahi. Mara ya kwanza tangu mwaka juzi sijamleta samaki usoni na kuigiza. Nimekaa kwenye kiti nikala karanga. Nikajisemea yamekwisha, nimevuka, hakuna atakayejua.

Jumamosi, 1 Machi

Mama amepiga kutoka Butiama. Dawa zake za presha zimekwisha. Nimemwambia nitatuma. Akauliza mbona siku hizi sauti yangu ya kukasirika. Nikamwambia mimi nilizaliwa na hii sauti, amuulize aliyenizaa. Amecheka. Nampenda mama yangu. Bila kazi hii sijui ningemtunzaje.

Alhamisi, 6 Machi

Kuna kitu sikipendi.

Boti mbili za hapahapa Musoma zimeleta samaki waliofunikwa magugu. Wana barafu, magugu ya nini? Jana ilikuwa moja. Mvuvi ana akili ya haraka, mmoja akigundua jambo asubuhi, jioni mwalo mzima unalo. Nimemuuliza mchukuzi mmoja. Akasema, "Mama Pua, kwani hujui? Mdogo wako anapendaga magugu. Ukimwekea magugu hana maneno." Akacheka akaenda.

Nimembonyeza samaki mmoja kwenye kasha lile. Nyama haikurudi. Juu ya kasha, karatasi: IMENUSWA.

Nimejua palepale. Sikuhitaji injinia kunieleza. Ningenyanyuka, ningeita watu, ningesimamisha kazi. Nimekaa. Nikamaliza karanga zangu. Kasha likapakiwa kwenye gari la Bunda.

Jumamosi, 8 Machi

Bunda wameugua. Mama Nyamisi, yule mama lishe wa karibu na stendi, amekaanga samaki wetu jana. Watu watano wametapika usiku, wawili wametundikiwa maji zahanati, mmoja ni mtoto. Bwana afya amefunga kibanda chake. Meneja anapiga simu tangu asubuhi, uso kama ngozi ya kambare.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda kanisani. Nimekwenda Bunda.

Wote wazima, namshukuru Mungu. Mtoto amekaa kitandani anakula biskuti, macho yameingia ndani. Nimempa chungwa. Mama yake hakunijua mimi ni nani, akanishukuru kwa kuja kuwaona wagonjwa.

Mama Nyamisi ndiye aliyenijua. Kibanda kina karatasi ya serikali mlangoni, meko yamepoa, yeye amekaa kwenye benchi la wateja. Hakunipigia kelele. Amesema hivi: "Mimi mafuta yakipata moto sinusagi samaki tena, natia tu. Imeandikwa imenuswa. Nilijua ni wewe."

Nimerudi na basi la jioni. Tulipofika Kiabakari wakaniuzia mahindi dirishani, nikayashika mpaka Musoma bila kuyala. Najichukia.

Jumatatu, 10 Machi

Rehema amefika na sanduku lake la vifaa. Amepima tangu alfajiri, mimi nimesimama pembeni kama mshtakiwa ambaye bado hajatajwa. Samaki mzima wa barafu: kijani. Samaki wa juzi: nyekundu. Samaki wa juzi na magugu: kijani. Tena: kijani. Akaweka magugu matupu, bila samaki. Kijani.

Akakaa chini. "Mama, hii haijui samaki. Inajua magugu ni mazuri. Nani kaifundisha hivi?" Hakuwa ananiuliza mimi. Alikuwa anajiuliza yeye, alishafungua daftari akitafuta kosa kwenye waya zake.

Meneja hakuhitaji daftari. Kwake jambo liko wazi: magugu yanatoka Kibara, kwa hiyo watu wa Kibara wamechezea mashine kwa ujanja wao, huenda hata kwa dawa za kienyeji. Ametoa amri. Gari la Kibara lisiingie getini.

Saa tatu pikapu imefika, ikazuiwa. Majura ameshuka ananitafuta kwa macho. Makasha yamekaa juani, saa nne, saa tano. Magugu yakanyauka. Wazima walikuwa wale, sato wa usiku uleule, na wameoza mbele ya macho yangu, mita kumi kutoka kwenye kiti changu. Saa sita wamewamwaga. Mbwa wa mwaloni wamekula vizuri leo.

Majura amepiga simu mara saba. Sijapokea.

Jumanne, 11 Machi

Kimya. Nimekaa kimya siku nzima. Mtu mbaya ni mimi, na ninakunywa chai.

Jumatano, 12 Machi

Hesabu zangu za usaliti: nikinyamaza, mashine itaonekana mbovu, itarudishwa Dar, nitarudi mezani nianze tena kuigiza. Rehema ataandikwa injinia aliyeshindwa. Wajomba wataitwa walozi wa samaki. Mimi nitaendelea kuitwa Mama Pua.

Nikisema, sina kazi. Sina jina. Kitu pekee nilichowahi kuwa nacho ambacho watu walikijua kutoka hapa mpaka Kisorya ni hii pua.

Nimenusa kitunguu mpaka machozi yametoka. Macho yanajua ni kitunguu. Pua haijui.

Alhamisi, 13 Machi

Nimesema.

Nilimkuta Rehema peke yake, amefungua kisanduku, ameshika kwa koleo kijiwe chenyewe, kile chenye utando wa madini. Kidogo kuliko ukucha wangu. Nimemwambia aache kutafuta, kosa haliko kwenye waya. Nikamweleza yote. Mafua, macho, kidole, samaki wa katikati, wajomba. Kwamba kila alipokuja mwenye magugu na mimi nikakosa la kusema, nilisema kijani. Kwamba kisanduku kilishika nilichokipa. Harufu pekee iliyokwenda sambamba na neno langu siku zote ilikuwa ya magugu, kwa hiyo ndiyo kiliyojifunza. Kilikuwa mwanafunzi mzuri.

Nilitaka akasirike. Afadhali angenifokea. Aliweka koleo mezani, akaniuliza, "Pole, mama. Miaka miwili yote unapikaje?"

Nikalia kama mtoto. Mimi, mbele ya binti wa Dar. Ovyo kabisa.

Baadaye ameniambia lazima amweleze meneja. Nikamwambia namweleza mwenyewe. Nimeingia ofisini na buti zangu. Meneja alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo mwaka juzi wote na mwaka jana wote nilikuwa nalipa mkono unaopunga samaki hewani." Ameniambia niache aproni.

Ijumaa, 14 Machi

Nimerudi kuchukua kikombe changu. Rehema alikuwa anakifuta kisanduku. Anapitisha umeme kinyume, barabara zote ndani zinakuwa pori tena. Nilidhani itachukua siku. Dakika tatu. Wiki zangu tano za kunyanyua samaki, dakika tatu, nacho kimekuwa kipya hakijui hata maji.

Anasema kitafundishwa na watu watatu kwa pamoja, na kila mmoja atapimwa pua kwanza. Mmoja wao ni mwanamke aliyekuwa anabeba ndoo. Ameniamkia kwa adabu, akasimama mahali pangu. Analifunua vibaya shavu la samaki, analishika kwa kidole gumba. Nimemwonyesha. Kisha nimeondoka, sikuaga.

Pikapu ya Kibara imeruhusiwa. Nilipita getini wakati inaingia. Majura aliniona. Akaangalia upande wa pili.

Jumapili, 16 Machi

Nimempigia Majura baada ya misa. Amepokea, nashangaa amepokea. Nimemwambia nisamehe. Nikasikia kuku wa kwao. Kisha akasema neno ambalo linazunguka kichwani tangu hapo:

"Dada, kumbe samaki wangu hujawahi kumnusa."

Nikasema nilikuamini. Akasema hakuleta samaki Musoma ili aaminiwe, alileta ili wanuswe, na walikuwa wanastahili, na sasa hatajua kamwe ni wangapi walipita kwa sababu walikuwa wazuri na wangapi kwa sababu yeye ni mtoto wa mjomba. Tena mbele ya watu wote ameitwa mchawi kwa huruma yangu. Akakata.

Nina hasira naye. Nina hasira kwa sababu ana haki.

Jumamosi, 22 Machi

Nimefunga mizigo. Chumba nimekirudisha. Nimempelekea Mama Nyamisi jiko langu la gesi, kibanda chake kimefunguliwa. Alilipokea, akalifuta vumbi, akaliweka chini ya meza. Hakunikaribisha kukaa.

Jirani ameniuliza naenda Butiama kwa muda gani. Nikamwambia mpaka wanichoke. Akasema nitamiss mwalo. Nikamwambia mwalo unanuka. Alicheka, na mimi nikacheka, yeye hajui kwa nini.

Jumapili, 30 Machi

Butiama. Mvua imepiga tangu adhuhuri, shamba limelowa vizuri. Nimelima mistari mitatu asubuhi, mgongo unauma.

Mchana amepita kijana wa pikipiki na mfuko. Mzigo wa shangazi, yaani mama yangu, kutoka kwa Majura wa Kibara. Sato wawili, wamefungwa kwenye magugu maji yaliyolowa. Salamu kwa shangazi. Salamu zangu hazikuwepo, nimemuuliza kijana mara mbili.

Mama macho yake siku hizi hayaoni vizuri. Amewapapasa samaki kwenye sinia, kisha akanisogezea. "Wamesafiri mbali hawa. Hebu nusa, wewe si ndiye Mama Pua."

Nimemchukua mmoja. Nimefunua shavu, nimemleta usoni, mkono umefanya wenyewe kama ulivyozoea. Mama amekaa anasubiri.

Nimemweka chini. Nikamwambia, "Sisikii, mama. Tangu mwaka juzi sisikii kitu."

Mvua ilikuwa inaanza kupungua kwenye bati. Akauliza, "Hata moshi?" Nikasema hata moshi. "Hata mimi?" Nikasema hata wewe, mama.

Amevuta sinia magotini kwake. Akainama, akanusa wa kwanza, taratibu, akanusa wa pili. "Wazima," amesema. "Wa usiku wa jana. Majura hajawahi kuniletea samaki mbovu."

Nimechukua kisu, nikaanza kuparua magamba. Yeye akasogeza kigoda karibu na jiko, akasema niteleke mafuta, yakikaribia kuungua ataniambia.